Lugha ya Gari na Haki ya Mwenda kwa Miguu: Hoja za Buchanan Zikipimwa Ngara na Biharamulo

Mwaka 1963 ilitolewa Uingereza taarifa iitwayo Traffic in Towns, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa "Magari Mijini". Iliandikwa na kundi la wataalamu walioongozwa na Colin Buchanan kwa agizo la Wizara ya Uchukuzi, na mwaka uliofuata kampuni ya Penguin iliitoa kwa ufupi, ikasomwa na watu wengi wasiokuwa wahandisi wala wachora ramani. Taarifa za serikali aghalabu huishia kabatini. Hii haikuishia huko, kwa kuwa mwandishi wake hakuridhika na hesabu peke yake, bali alitafuta mfano ambao mtu wa kawaida angeweza kuuona kwa macho ya akili. Aliufananisha mji na nyumba, hasa hospitali. Nyumba ina vyumba, ambamo watu hulala, hula, hufanya kazi na huuguzwa. Na ina ushoroba, ambamo watu na mizigo hupita ili kufika vyumbani. Hakuna mwenye busara apitishaye toroli za jikoni kati ya vitanda vya wagonjwa. Vivyo hivyo mji uwe na mitaa ya kukaa na njia za kupita, na njia zisiingie mitaani.

Kutokana na mfano huo Buchanan alitoa kanuni ambayo uzito wake haujapungua. Kila mtaa una kiasi cha magari unachoweza kukistahimili bila ya kuharibu maisha ya wakazi wake: usalama, utulivu, hewa safi, na raha ya kutembea. Kiasi hicho kikishawekwa, wingi wa magari yatakayofika hutegemea fedha ambazo wenyeji wako tayari kutoa ili kuujenga mji upya. Wakitoa nyingi, mengi yataingia. Wakitoa chache, machache yataingia. Wasilopaswa kulifanya ni kuyakaribisha magari yote pasipo kulipa fedha, kisha wakalipa kwa miili ya watu. Kanuni hii ilijaribiwa katika taarifa yenyewe kwa mifano minne: Newbury, Leeds, Norwich, na sehemu moja ya London.

Buchanan hakuwa peke yake katika mjadala ule. Huko Marekani Lewis Mumford alikuwa amekwisha kuonya, mwaka 1958, kwamba taifa linaloikata miji yake kwa barabara kuu halijui linanunua nini. Mwaka 1961 Jane Jacobs alitoa kitabu chake juu ya uhai na ufu wa miji mikubwa ya Marekani, akitetea njia ya kando ambamo watu husimama, huongea, na hulindana kwa kuangaliana. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja hakuhitaji kufundishwa jambo hilo: baraza ya mawe mbele ya nyumba ilikuwa imefanya kazi hiyo tangu zamani. Katika Afrika Mashariki nayo ramani zilichorwa: Nairobi ilipata mpango wake mwaka 1948, na Dar es Salaam mwaka 1949 kwa mkono wa Sir Alexander Gibb na wenzake, mpango uliotenga mitaa kwa kipimo cha msongamano wa nyumba, ambacho kwa hakika kilikuwa kipimo cha rangi ya mtu.

Mjadala huu wote ulizungumza juu ya mji mkubwa, na kwa lugha ya wenye magari mengi. Yafaa upimwe mara moja kutoka mahali pengine: kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako hapana mji mkubwa wala wenyeji wenye magari mengi, lakini ambako malori makubwa hupita usiku na mchana. Na yafaa upimwe kwa Kiswahili, kwa sababu yale ambayo lugha haina jina lake huwa vigumu kuyadai.

Maneno yaliyotoka baharini

Akichunguza maneno ya Kiswahili yahusuyo gari, mtu ataona tabaka mbili. Tabaka ya juu ni ya vitu vyenyewe, na imekuja pamoja na vitu hivyo: gari kutoka Bara Hindi, motokaa, dereva, breki na gia kutoka kwa Waingereza. Tabaka ya chini ni ya uhusiano kati ya watu na chombo, na hiyo imetoka baharini. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa lori. Nauli ililipwa kwa nahodha kabla ya kulipwa kwa utingo. Abiria, shehena, kupakia na kupakua, yote yalikuwa maneno ya bandarini. Hata sheria na magazeti ya leo huyaita magari na pikipiki vyombo vya moto, na Isaka, katikati ya nchi, imeitwa bandari kavu. Hivyo dereva anayepita Biharamulo, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani, anasafiri ndani ya lugha ya mabaharia.

Jambo hili kwa lenyewe si kasoro. Ni urithi, na urithi mzuri. Lakini kila urithi una pengo lake. Baharini hapana mtu atembeaye kando ya chombo. Walioko ni walio ndani: nahodha, mabaharia, abiria, na shehena. Aliye nje ya chombo ni mtu aliyezama. Kwa hiyo lugha ilipoitoa safari majini na kuipandisha nchi kavu, ilikuwa na jina kwa kila aliyepanda, na haikuwa na jina kwa yule asiyepanda. Sheria ikambidi imwite "mwenda kwa miguu" au "mtembea kwa miguu", yaani imweleze badala ya kumtaja. Na alipopewa mahali pake pa kupita barabarani, mahali hapo paliitwa kivuko, kama ilivyo kwenye mto. Watu wa Ngara, ambao kwa miaka mingi wameuvuka mto Ruvuvu kwa mitumbwi na kwa vivuko, wanaujua uzito wa neno hilo: pa kuvukia ni pale ambapo mtu akikosea hufa. Barabara imekwisha kukubaliwa kuwa mto, na gari kuwa maji yake.

Yawezekana kujibiwa kwamba Kiswahili kina maneno msafiri na mpita njia, na kwamba zamani kila mtu alikwenda kwa miguu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumpa mtembeaji jina la pekee. Jibu hilo ni la haki kwa sehemu. Lakini mpita njia ni mtu asiyehusika: apita, ashuhudia, aenda zake. Mama wa Nyakahura atokaye kisimani hapiti njia hiyo kama mgeni. Njia imepita kwake.

Hata majina yaliyobuniwa na wananchi wenyewe hayakulijaza pengo hili. Matatu ya Kenya ilipata jina lake kutokana na senti thelathini za nauli. Daladala ya Dar es Salaam, iliyoruhusiwa mwaka 1983 baada ya mabasi ya UDA kuzidiwa, iliitwa hivyo kwa dala, sarafu ya shilingi tano. Bodaboda lilizaliwa Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Ni majina mazuri, yenye akili na kicheko. Lakini yote yametazama kutoka kitini, na mawili ya kwanza yametoka katika mfuko wa abiria. Neno moja tu la miaka ile lilitazama kutoka kando ya njia: wabenzi, ambalo liliwafanya wakubwa wenye magari ya Mercedes-Benz kuwa kabila lao wenyewe. Nalo lilishitaki utajiri wao. Mwendo wao halikuutaja.

Upo pia mfano wa Rusumo, ambao hauna budi kuwafurahisha wanaopenda tabia za maneno ya mkopo. Tanzania huendesha kushoto, Rwanda na Burundi kulia. Katika Kiswahili cha Tanzania mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno ambalo kwa asili ni amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto. Dereva wa Kitanzania akishavuka daraja la Rusumo hana budi kuzunguka kipilefti kwa kukaa kulia. Neno limesahau maana yake, na hakuna aliyedhurika. Lakini ni ukumbusho kwamba maneno ya barabarani yalianza yakiwa amri, na amri zilitolewa kwa dereva.

Ushoroba usio na vyumba

Hapa ndipo mfano wa Buchanan unapopata mtihani wake. Ushoroba, neno ambalo lingemfaa sana kwa lugha yetu, sasa limekuwa jina rasmi la njia ipitayo wilaya hizi mbili: Ushoroba wa Kati, unaoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo ya mashariki. Malori hufika Nyakanazi na Lusahunga katika Biharamulo, kisha huelekea Ngara. Mengine hushika njia ya Rusumo kwenda Kigali, mengine hukata Nyakasanza kwenda Kobero na Burundi. Mwezi Aprili 2016 marais John Magufuli na Paul Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo, lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, ili magari yasichelewe. Hayo yote ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza. Nchi isiyo na bahari inahitaji mafuta, saruji na dawa, na jirani mwema humfungulia jirani njia.

Lakini katika nyumba ya Buchanan ushoroba upo kwa ajili ya vyumba. Apitaye humo anakwenda chumbani, na mwenye chumba ndiye anayefaidi. Kanuni yake yote imesimama juu ya dhana hiyo: wenyeji huchagua kati ya magari, utulivu na fedha, kwa kuwa faida na hasara zote ni zao. Leeds ikiruhusu magari zaidi, maduka ya Leeds hupata wateja na watoto wa Leeds hupata hatari. Katika Ngara na Biharamulo hesabu hii haifungi. Lori halikuja kwao. Faida iko Dar es Salaam na Kigali na Bujumbura. Vumbi, kelele na hatari viko Nyakahura, Lusahunga na Benaco. Mlipaji na mfaidi si mtu mmoja, wala hawakai nchi moja, na hakuna baraza ambalo wote wawili wana kiti. Taarifa ya mwaka 1963 haina neno la kusema juu ya ushoroba ambao vyumba vyake viko mwisho wa safari, na ambao kati yake wamo watu wasiohesabiwa kuwa vyumba. Kasoro hii haikutokana na uzembe. Ilitokana na mahali aliposimama mwandishi. Alisimama mjini, na mji wake ndio uliokuwa mwisho wa njia.

Wala si jambo jipya kwa nchi hii kutazamwa kama ushoroba. Mwaka 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipogawana nchi walizowanyang'anya Wajerumani, Gisaka, ng'ambo ya mto Kagera, iliwekwa upande wa Waingereza kwa ajili ya reli iliyotazamiwa kutoka Cape hadi Cairo. Watu walihamishwa kwenye ramani kwa ajili ya reli ambayo haikujengwa, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudishwa. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ikabaki Tanganyika, ingawa lugha ya wenyeji, Kihangaza, ni ndugu wa karibu wa Kirundi.

Kisha likaja jambo la mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja au mbili, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa miguu wakiikimbia Rwanda. Kambi waliyowekwa iliitwa Benaco. Ndani ya wiki chache kambi hiyo ilizidi kwa watu miji mingi ya Tanzania, na ilikaa hadi Desemba 1996, watu waliporudishwa kwa njia ile ile waliyoijia. Jina lake linastahili kutazamwa: Benaco ilikuwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Mahali palikuwa pameitwa kwa jina la mjenzi wa njia, na mji mkubwa wa waenda kwa miguu ukalirithi. Leo Benaco ni kituo cha malori. Wajenzi wa njia wamepata ukumbusho. Wale waliotembea hawakupata hata neno.

Nani aliyegonga?

Yote haya yangeweza kuwa udadisi tu wa wapenda maneno, lau si mahali pamoja ambapo lugha inagusa uhai. Mahali hapo ni neno ajali. Kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa maisha ambao Mungu amemkadiria mja wake. Kwa maana hiyo neno ni la heshima na faraja, na mfiwa ana haki ya kulishika. Lakini neno hilo hilo ndilo linaloandikwa katika kitabu cha polisi na katika gazeti, na husindikizwa na methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Kifo kilichotokana na breki mbovu, au na dereva asiyelala kwa usiku wa pili, au na mwendo wa zaidi ya kilometa 50 kwa saa mahali pa makazi, ambao sheria imeukataza, huingizwa chini ya jina la kadari. Kilichokadiriwa hakina mkosaji. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2001 jarida la waganga wa Uingereza, BMJ, liliamua kuliacha neno la Kiingereza lenye kasoro ya namna hii, kwa hoja kwamba madhara mengi ya barabarani yanatabirika na yanazuilika. Ikiwa Kiingereza, ambacho neno lake lina maana ya bahati mbaya tu, kiliona haja ya kujisahihisha, seuze Kiswahili, ambacho neno lake limebeba amri ya mbinguni.

Sarufi nayo husaidia kuficha. Habari za magazetini husema kwamba gari liliacha njia na kupinduka. Kwamba lori lilifeli breki. Kwamba mtoto amegongwa na gari. Katika sentensi ya kwanza gari lina hiari yake, kama punda aliyekataa hatamu. Katika ya pili breki imeshindwa mtihani, na asiyeikagua hatajwi. Katika ya tatu kauli ya kutendwa imemleta mtendaji kwa kiunganishi na, lakini mtendaji huyo ni chuma. Dereva yumo ndani ya gari na nje ya sentensi. Mwenye lori na aliyempangia dereva saa za safari wako mbali zaidi. Mabaharia walikuwa na udhuru wa kusema namna hii, kwa kuwa upepo hauna mwenyewe. Barabara haina upepo.

Haidaiwi hapa kwamba kubadili maneno kutapunguza vifo. Aliyechoka atasinzia kwa lugha yoyote. Linalodaiwa ni dogo zaidi, na lawezekana: anayeandika taarifa amtaje aliyeendesha; neno mgongano litumike pale ambapo vitu viwili vimegongana; na ajali iachiwe matanga, ambako ndiko kwao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967, zimefanya kazi kubwa ya kutafuta istilahi kwa sayansi na sheria. Istilahi za barabarani hazihitaji kutafutwa mbali. Zinahitaji kupimwa kwa swali moja: neno hili linamtazama nani, na limesimama wapi?

Tuta

Kuna neno moja ambalo limekwisha kufaulu mtihani huo, na halikutoka kwa wataalamu. Tuta ni udongo uliokusanywa kwa jembe ili kupandia viazi. Kila mkulima wa Ngara na Biharamulo analijua kwa mgongo wake. Katika Tanzania neno hilo sasa ndilo jina la mwinuko unaojengwa kukata barabara ili magari yapunguze mwendo. Katika msamiati wote wa gari, uliojaa usukani na nauli na shehena, hili ni neno la nchi kavu, la mtu aliyesimama shambani akitazama njia. Na maana yake ni kusimamisha.

Si ajabu basi kwamba matuta yana ugomvi. Madereva huyalalamikia kwamba yanavunja springi, yanamwaga mizigo na kupoteza muda. Wanavijiji huyaomba, na mahali pengine huyadai baada ya maziko. Ugomvi huo ndio mjadala wa Buchanan wenyewe, umefika Biharamulo bila ya ramani wala taarifa: ni kiasi gani cha mwendo ambacho mahali pa kukaa paweza kukistahimili, na nani atalipa? Tofauti ni kwamba Buchanan aliwapa wenyeji uchaguzi, na ushoroba umewanyima. Tuta ndilo kura iliyobaki mikononi mwao.

Kwa hiyo taarifa ya mwaka 1963 bado yafaa isomwe, na yafaa ipate siku moja mfasiri wa Kiswahili. Mfasiri huyo atakuta kwamba neno gumu kuliko yote si la uhandisi. Ushoroba lipo, chumba lipo, msongamano na foleni yapo. Atakapofika kwa yule mtu ambaye kitabu kizima kimeandikwa kwa ajili yake, yule avukaye njia akiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, atalazimika kuandika maneno matatu. Na ayaandike yote matatu, pasipo kufupisha, mpaka wenye lugha watakapomtafutia jina.